Casio ya mchiriku haitoi ile sauti ya kwenye kaseti. Wajuzi wa vinanda, tatizo ni nini?

#1 Mpwa wa Mwananyamala
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja.

Marehemu mjomba aliniachia kaseti kumi na moja za mchiriku, ule muziki wa ngoma na kinanda wa uswahilini Dar, za miaka ya tisini, zile za kurekodi ngomani, redio kaseti imewekwa juu ya kiti cha plastiki na watu wanapita mbele yake. Humo kuna sauti ya kinanda sijaikuta kwingine. Inakwaruza kama bati linaburuzwa kwenye sakafu ya saruji, lakini nota unazisikia moja moja. Ikipanda juu inalia kama filimbi ya refa.

Mimi napika biti nyumbani, natumia FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. Hii sauti nimeitafuta miaka miwili sasa. Plagini zote (vinanda vya ndani ya kompyuta) na sampuli zote (vipande vya sauti vilivyorekodiwa) zinatoka safi mno, kama zimefuliwa na kupigwa pasi. Mwezi uliopita nikasema basi, nikaenda Kariakoo nikapata Casio SA-21 kwa 45,000 baada ya kubishana nusu saa. Funguo ndogo 32, sauti 100, nyuma kuna jina la mtu limeandikwa kwa kalamu ya wino. Nimekaa na daftari nimezipita sauti zote 100, moja baada ya nyingine. Ile haimo.

Sasa nimekosea kinanda, au ile sauti haikuwa kwenye kinanda tangu mwanzo?

#2 Bisi na Soda
Siti ya mbele. Ngoja waje.

#3 Biti_Kali
Mkuu unajitesa bure. Pakua Dexed, ni kinanda cha Yamaha DX7 kizima kwenye kompyuta, na ni ya bure. Sauti zote za miaka ile zimo. Hata hizo Casio zilikuwa FM ileile, si ya redio, ile mbinu ya kutengeneza sauti waliyoivumbua Yamaha 1980. Uzi ufungwe.

#4 Dokta Kapasita
Biti_Kali, makosa matatu kwenye mistari mitatu, hongera.

DX7 ilitoka 1983. FM hawakuivumbua Yamaha. Aliigundua John Chowning pale Stanford, Marekani, 1967, alipokuwa anatikisa wimbi moja kwa wimbi jingine akaona kasi ikizidi sikio halisikii tena mtikisiko, linasikia sauti mpya kabisa. Yamaha walikuja baadaye kununua haki. Na la tatu ndilo linamhusu mleta mada: SA-21 si FM. Ndani yake mna chipu yenye vipande vifupi vya sauti vilivyohifadhiwa, ukibonyeza inavirudiarudia. Casio walikuwa na mbinu nyingine kwenye CZ-101 ya 1984, lakini hiyo sijawahi kuiona kwenye ngoma ya uswahilini hata siku moja.

Kwa hiyo Dexed ataichezea mpaka adhana ya alfajiri na hatoki na kitu.

#5 Biti_Kali
Kipigo nimepokea. Ila masikio hayana habari na haki za nani.

#6 Mtoto wa Mburahati
Mimi nilikuwepo, si kwa kusimuliwa. Nilikuwa na miaka kumi hivi na kazi yangu ilikuwa kusukuma baiskeli yenye betri ya gari nyuma. Sikuwa mpigaji, nilikuwa mbeba betri, na nilikuwa najiona kama nimeajiriwa benki.

Umeme wa kuunga kwa jirani ulikuwa hauaminiki, kwa hiyo ampu ilikuwa ile ya matangazo, ya volti 12, ile ya kutangazia mikutano na misiba. Juu ya mwembe zinafungwa honi mbili, zile spika za bati zenye mdomo mpana, kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Hakuna spika nyingine. Casio inaingia humo, kipaza sauti cha mwimbaji kinaingia humohumo, sauti imefunguliwa mpaka mwisho na kitufe kimebandikwa plasta ili mtu asirudishe nyuma.

Unatafuta sauti ya Casio, kaka, wakati ulichokisikia ni honi.

#7 Dokta Kapasita
Hapo Mtoto wa Mburahati kaongea kitu. Honi ya namna hiyo chini ya hertzi 400 hivi haitoi chochote cha maana, halafu inapiga kelele sana pale katikati ambapo sikio la binadamu ni kali zaidi. Kinanda kikipita humo besi yote inakufa, kinabaki kile kinachokata. Na ampu ya matangazo imetengenezewa maneno. Ukiilisha kinanda na mwimbaji pamoja inalemewa, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na hapo ndipo mkwaruzo unapoanza.

Mpwa, kabla ya kununua kinanda kingine tafuta honi.

#8 Mpwa wa Mwananyamala
Nimeelewa. Lakini sasa, kwenye kaseti kuna sehemu mwimbaji anaongea na watu, anawataja waliotunza. Sauti yake imepita honi hiyohiyo na haijakwaruza vile. Ni kinanda tu.

#9 Sina Betri
Jibu ni betri. Ninyi mnazunguka mwembe.

SA-21 inakula betri ndogo tano, volti 7.5 jumla. Enzi zile tulikuwa tunaweka zile za bei ya chini kabisa dukani, na hakuna aliyebadilisha zote tano kwa pamoja. Tatu mpya, mbili za tochi ya bibi. Zikifika usiku wa manane kinanda kinaanza kulegea, kinatoa vitu havimo kwenye orodha ya sauti 100. Nimepiga mwenyewe Temeke mwaka mzima. Sauti tamu ilikuwa inakuja saa tisa usiku, pale kinakaribia kuzima. Tukishaisikia tunajua tumebakiwa na nyimbo mbili.

#10 Dokta Kapasita
Sina Betri, hii nitaipokea nusu. Kinanda cha dijitali kima chake cha nota kinashikwa na saa ya ndani, ile inayoipigia chipu mapigo. Kama saa hiyo ni ya kioo cha kwatzi, nota haishuki kwa sababu ya betri, inabaki palepale mpaka chipu ishindwe na kuzima. Kitakachochafuka ni kiampu kidogo cha spika. Kama saa yake ni ya koili na kapasita, hapo nakubali inaweza kuyumba. Umeshafungua SA-21 ukaona?

#11 Sina Betri
Sijafungua. Nimepiga. Wewe umefungua hujapiga.

#12 Bisi na Soda
😂😂 Dokta ametibiwa.

#13 Mama Nota
Hamjambo wanangu. Mimi ni wa kinanda cha taarab, miaka ishirini na zaidi jukwaani, kwa hiyo mchiriku nausikia kwa mbali, lakini kaseti nazijua.

Mnasahau kwamba kijana hasikilizi kinanda, anasikiliza kaseti. Redio iliyorekodi ilikuwa inatumia betri pia. Mota ikichoka utepe unapita polepole. Sasa wewe unaicheza leo kwenye redio yenye nguvu kamili, utepe unakwenda kasi kuliko ulivyorekodiwa, na kila kitu kinapanda. Asilimia sita tu ya kasi ni nusu nota nzima. Hapo rangi ya kinanda yote inabadilika, inakuwa nyembamba na kali. Bado sijataja kudabi. Kaseti za mtaani zilikuwa nakala ya nakala ya nakala.

Nimejua hili kwa uchungu. Kuna mwaka niliambiwa niukariri wimbo kwenye kaseti, nikaukariri kwenye kima nilichosikia, nikafika mazoezini mwimbaji anashindwa kupanda, anadhani koo limeharibika. Kumbe redio yangu ndiyo iliyokuwa inakimbia.

#14 Mpwa wa Mwananyamala
Shikamoo mama. Hili sikulifikiria kabisa. Lakini si mwimbaji naye angesikika kama katoto?

#15 Mama Nota
Marahaba mwanangu. Kwa nusu nota usingejua, ungesema tu ana sauti ya juu. Ulimjua huyo mwimbaji?

#16 Mpwa wa Mwananyamala
Hapana.

#17 KwayaBoy
Mmenikumbusha mambo ya betri. Kanisani kwetu tulikuwa na kinanda, Korg M1, ile ya 1988, ilikuja kwa msaada kutoka nje na tukaifunika kitambaa cheupe kama maiti. Ndani ina betri ndogo kama ya saa inayoshika kumbukumbu za sauti. Hakuna aliyetuambia. Miaka ikapita, na ikachagua Jumapili ya Pasaka kufa. Nimewasha, kioo kikaandika herufi za ajabu ajabu, sauti zote zimepotea, kwaya imesimama mistari minne na mashemasi wananitazama. Tukaimba bila kinanda. Mzee wa kanisa akasema ndiyo ibada nzuri kuliko zote mwaka huo, hadi leo sijui alikuwa ananifariji au ananisema.

Betri yenyewe tulinunua kwenye duka la saa, chini ya elfu tano.

#18 Mkwezi86
KwayaBoy, wewe umepoteza Pasaka, mimi nimepoteza ndoa kidogo.

Nilipata Juno-106 kwenye mzigo wa mtumba kutoka Japani, nikaipata kwa bei ambayo muuzaji angejua anachouza angelia. Kinanda cha Roland, 1984, sauti sita kwa wakati mmoja, vitelezi mbele vimejipanga kama meno. Plagi yake ni ile ya vibati viwili bapa. Nikanunua adapta ya shilingi elfu mbili ya kubadili miguu, nikachomeka ukutani. Japani umeme wao ni volti 100. Wetu 230. Ilitoa sauti moja tu, "pti", na harufu ya karanga zilizoungua.

Fundi akabadili transfoma, ikawaka. Shida ya pili: unapiga nota tano vizuri, ya sita inakohoa. Kila ya sita. Nikasoma kwamba ni chipu za sauti, zinaitwa 80017A, zimefunikwa lami fulani ambayo ikizeeka inavujisha umeme pembeni, na dawa ni kuzing'oa na kuzilowesha kwenye asetoni mpaka ile lami ilainike na kutoka. Nikachukua dawa ya kuondolea rangi ya kucha ya mke wangu, chupa nzima, na bakuli lake la kioo la harusini.

Kwanza dawa ile ina mafuta na manukato, haikutoa lami. Pili bakuli. Naomba nisiendelee.

#19 Dokta Kapasita
😂 Asetoni halisi, mkuu, ya dukani kwa wauza rangi. Pole kwa bakuli.

#20 Bisi na Soda
Chipu zilipona?

#21 Mkwezi86
Tano kati ya sita. Napiga nyimbo za vidole vitano.

#22 Msimamizi
Rudini kwenye mada tafadhali. Anayetaka kusimulia ndoa kuna jukwaa lake.

#23 Fundi wa Gerezani
Nimesoma yote. Nina benchi la ufundi mtaani Gerezani, Dar, vinanda vinanipitia kila wiki, vingi ni Yamaha PSR za makanisani zenye mende ndani. Mende hasa, si utani. Wanapenda joto la bodi.

Niwape kisa kimoja mkipime. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ilitengenezwa 1980 hadi 1983, kama elfu kumi na mbili tu. Ule mchakacho wa sauti zake za juu ulitokana na transista zilizokuwa na hitilafu, zile kiwanda kingezikataa. Roland wakazichagua makusudi. Viwanda vya transista vilipoboresha kazi yao, hitilafu ikawa haipatikani, na 808 ikashindikana kuendelea. Leo watu wanalipa mamilioni kwa ajili ya transista mbovu.

Kwa hiyo mleta mada, unapotafuta plagini safi ya kitu ambacho raha yake ilikuwa ubovu, utachelewa. Swali ni ubovu ulikuwa wapi. Mimi nasema ulikuwa kati ya kinanda na ampu, kwenye waya. Lete hiyo Casio tuifungue.

#24 Mzee wa Kaseti
Wanangu, mnatamka "mchiriku" kana kwamba jina ni moja. Wengine tuliita mnanda, na hapo neno kinanda limejificha. Bila kile kidude cha plastiki ilikuwa ni ngoma tu, zumari na makelele ya harusi.

Halafu nampinga Mama Nota kwa heshima zote. Jagwa Music, kikundi cha mchiriku cha hapohapo Mwananyamala, walirekodiwa vizuri, na albamu ikatolewa Ubelgiji 2012. Hakuna redio ya kwenye kiti hapo, hakuna kudabi. Sikiliza kinanda chao. Kinakwaruza. Si vilevile kama kaseti za mjomba wako, lakini ukali upo. Kwa hiyo kaseti haina kosa, au kosa lake ni dogo.

#25 Mama Nota
Nimesikia mzee wangu. Kama ukali upo na si vilevile, basi sehemu iliyopungua ndiyo kaseti. Sijashindwa bado.

#26 Sina Betri
Au walipewa betri mpya na Wabelgiji.

#27 Dogo_BPM
Shikamooni wazee wote. Samahani, kwa nini mnateseka? Kata kipande cha kaseti, tia kwenye kompyuta, kimbiza. Ndivyo singeli, muziki wetu wa kasi, ilivyozaliwa. Sisi tunapiga mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika, ukikimbiza hivyo hakuna atakayeuliza kama ilikuwa Casio au king'ora cha zimamoto. Studio ya Sisso pale Mburahati walitoa kazi 2017 kupitia watu wa Kampala na dunia ikaja yenyewe, bila kinanda cha mtu yeyote kufunguliwa bisibisi.

#28 Mpwa wa Mwananyamala
Dogo nimejaribu. Kila kipande kina ngoma, makofi na kuna mama mmoja anapiga kigelegele kila baada ya mistari minne kama ana saa. Sitaki kukata kipande cha mjomba, nataka kupiga kitu changu kwa sauti ile. Ni tofauti.

#29 Dogo_BPM
Kigelegele chenye saa hicho ni mali hiyo kaka. Nitumie.

#30 Analogi Damu
Nimechelewa. Kwanza, mngekuwa na sinthesaiza ya analogi, inayotengeneza sauti kwa umeme wenyewe na si kwa chipu ya dijitali, msingekuwa na uzi huu. Nina Behringer TD-3, nakala ya TB-303 ya Roland. Ile ya asili ilikaa sokoni 1981 hadi 1984, iliundwa iwe mpiga besi wa wapiga gitaa walio peke yao na ikafeli kabisa kwa kazi hiyo, mpaka vijana wa Chicago walipoiokota kwa bei ya chee wakaanza kuchokoza filta yake, kile kichujio cha sauti. Mleta mada fungua filta, ongeza resonansi (ule mlio mkali wa filta), pitisha kwenye mkwaruzo, utapata filimbi ya refa yako bila kupanda mwembe.

#31 Dokta Kapasita
TD-3 inatoa nota moja kwa wakati. Kwenye mchiriku mkono wa kulia unapiga mbili tatu pamoja. Halafu ile sauti inaanza kwa "tk", ule mlio wa ufunguo mdogo kugonga. Hiyo analogi yako inaanza kwa "wiu".

#32 Analogi Damu
"Tk" na "wiu". Haya ndiyo maneno ya kitaalamu?

#33 Dokta Kapasita
Ndiyo. Nimesomea.

#34 Mkwezi86
Analogi Damu, hiyo TD-3 unaiuza? Naulizia tu, sijamwambia mtu nyumbani.

#35 Dada wa Tandale
Mimi huwa nasoma tu siandiki, leo nimeshindwa kuvumilia.

Kaka yangu alikuwa mpiga kinanda wa kikundi, jina nitalihifadhi. Casio yake ilikuwa inalala chini ya kitanda chetu, kwenye mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano. Nimeifuta vumbi mimi. Funguo nne alizipaka rangi ya kucha nyekundu, za kuanzia nyimbo, kwa sababu gizani hakuwa anaona. Moja upande wa kushoto ilikuwa na njiti ya kibiriti imesokomezwa pembeni ili ikae chini yenyewe, ilie muda wote. Ukisikia ule mlio wa chini usiokoma kwenye nyimbo za zamani, wengi walifanya hivyo, si yeye peke yake.

Sasa kuhusu waya. Pale pa kuchomekea palishakufa kitambo. Fundi mmoja wa mtaani alikifungua, akachukua nyaya mbili kwenye spika ndogo ya ndani, nyeusi na nyekundu, akazitoa nje kupitia tundu alilochoma kwa msumari wa moto. Mwisho wake alifunga plagi ya kipaza sauti. Hiyo ndiyo ilikuwa inaingia kwenye ampu. Kaka alikuwa anaweka sauti ya kinanda juu kabisa, anasema ikiwa chini "hailii, inasoma".

#36 Fundi wa Gerezani
DADA. Asante.

Wakuu mmeona? Nyaya za spika. Kwenye zile nyaya sauti imeshapita kiampu kidogo cha kinanda, na kiampu kikiwekwa juu kabisa kinakata vichwa vya mawimbi. Halafu anakichomeka kwenye tundu la kipaza sauti, linalotarajia umeme mdogo sana, linalemewa mara ya pili. Halafu ampu yenyewe iko mwisho, mara ya tatu. Halafu honi. Mwimbaji yeye amepita mara moja au mbili tu, ndiyo maana Mpwa anasema mwimbaji hajakwaruza. Nilisema waya mimi.

#37 Dokta Kapasita
Hii inaeleza mengi. Na njiti ya kibiriti inaeleza kwa nini nota nyingine zinasikika zikigongana. Zikikatwa vichwa pamoja mbili, zinazaa nota ya tatu ambayo hakuna aliyeibonyeza.

#38 Biti_Kali
Kutikisa wimbi kwa wimbi. Chowning. Nilisema mimi FM.

#39 Dokta Kapasita
Biti_Kali kaa chini.

#40 Mtoto wa Mburahati
Nami nakumbuka plagi ya kipaza sauti sasa. Ilikuwa inashikiliwa kwa jiwe isichomoke. Nilikuwa natumwa kulitafuta.

#41 Sina Betri
Na hicho kiampu kidogo kinachokata vichwa kinakula umeme wa nini? Wa betri tano. Betri zikichoka vichwa vinakatwa mapema zaidi. Endeleeni kunikwepa.

#42 Mpwa wa Mwananyamala
Mrejesho, Jumamosi usiku.

Nilikwenda Gerezani asubuhi kabla ya jua. Fundi ni mtu wa watu, asanteni kwa kunikutanisha naye. Kuifungua SA-21 ni skrubu chache tu, lakini moja ilikuwa imeliwa kichwa, dakika arobaini zikaishia hapo. Ndani kuna mchanga, ganda la ubuyu na senti hamsini ya zamani. Spika ina nyaya mbili nyembamba kama uzi wa kushonea. Tukazilehemu, tukatoa kamba ndefu, tukafunga plagi. Ampu ya matangazo tumeazima kwa jirani yake anayeuza dawa ya kunguni kwa kipaza sauti, pamoja na honi yake, kwa masharti kwamba saa sita arudishiwe.

Sauti ya kwanza niliyobonyeza, walinzi wa duka la ng'ambo walisimama. Inakwaruza. Inakata. Nimepiga ule mstari wa kwanza wa kaseti ya tatu, nikafunga kitufe kimoja kwa njiti kama dada alivyosema. Vijana wawili wa toroli wakaanza kucheza. Muuza dawa ya kunguni akasema tusirudishe mpaka saa nane.

Nimerekodi kwa simu. Nimefika nyumbani, nimempigia mama mdogo, ambaye alikuwa anakwenda na mjomba ngomani. Nikamchezea bila kumwambia ni nini. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo hiyohiyo. Lakini ya mjomba wako ilikuwa juu kidogo."

#43 Mama Nota
Juu kidogo. Nusu nota?

#44 Mpwa wa Mwananyamala
Nimelinganisha na kaseti mama. Ni kama nusu nota, ndiyo, au pungufu kidogo.

#45 Mama Nota
Sina la kuongeza mwanangu. Lala salama.

#46 Mzee wa Kaseti
Haiwezekani. Mama mdogo aliisikia ngomani kwa masikio yake, si kwenye kaseti!

#47 Mama Nota
Miaka thelathini iliyopita mzee wangu. Na tangu hapo amesikiliza nini nyumbani, kama si kaseti?

#48 Dada wa Tandale
Huenda mjomba hakuwa na SA-21. Zilikuwepo za kila aina chini ya vitanda vya watu.

#49 Sina Betri
Mpwa, swali moja tu. Hapo Gerezani mliweka betri gani?

#50 Mpwa wa Mwananyamala
Mpya. Fundi alitoa zake, kwenye pakiti.

#51 Sina Betri
Zote tano?

#52 Mpwa wa Mwananyamala
Zote tano.

#53 Sina Betri
Haya. Ziache kinandani, kisizimwe. Tuonane saa tisa usiku.